Ukuta baina ya kemia na bayolojia ubomolewe

Kuna mazoea katika shule zetu ya kumwona mwanafunzi wa kemia kuwa mtu wa asidi na chupa, na yule wa bayolojia kuwa mtu wa majani na vyura. Taaluma ya Profesa Angela Belcher wa Marekani yatosha kutuonyesha hasara ya mgawanyo huo.

Belcher alipata shahada ya uzamifu katika kemia mwaka 1997, Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Alichunguza gamba la abaloni, konokono wa baharini. Takriban asilimia 98 ya gamba hilo ni kalisi kaboneti, madini yale yale yaliyomo katika mawe ya matumbawe yaliyojengewa nyumba za Lamu. Sehemu ndogo iliyosalia ni protini, nazo ndizo zinazoyapanga madini tabaka juu ya tabaka, hata gamba likawa imara mara nyingi kuliko madini matupu. Konokono hufanya hayo yote katika maji ya bahari, bila tanuri wala sumu.

Ndipo Belcher akauliza: je, kiumbe kingine hakiwezi kufunzwa kujenga kwa madini ambayo maumbile hayakukipa?

Protini huundwa kwa asidi amino za aina 20, mithili ya maneno yaundwavyo kwa herufi. Sisi wa isimu twajua kuwa ukibadili sauti moja tu, paka hugeuka taka. Belcher alichukua mabilioni ya virusi viitwavyo M13, ambavyo hushambulia bakteria tu, kila kimoja kikiwa na tofauti ndogo ya protini. Alivimwaga juu ya madini, akaviosha. Vilivyong'ang'ania vilizalishwa na kujaribiwa tena na tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la Nature. Mwaka 2009, akiwa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, yeye na wenzake walitangaza betri ambayo elektrodi zake zote mbili zilijengwa na virusi.

Naam, betri hiyo haijaziondoa zile za kawaida madukani. Lakini tuzingatie njia iliyopitiwa. Belcher amesimulia kwamba alipoomba fedha za utafiti mara ya kwanza, mtathmini mmoja alimwona kama aliyerukwa na akili. Hakukata tamaa, na mwaka 2004 akatunukiwa tuzo ya MacArthur.

Je, ni wanafunzi wangapi wetu hunyamazishwa darasani kwa kuambiwa, "Hilo si la somo hili"? Huenda swali lililofukuzwa katika kipindi cha kemia ndilo lingezaa ugunduzi. Mwalimu asiyejua jibu hapungukiwi hadhi akimtuma mwanafunzi kwa mwenzake wa bayolojia. Apungukiwaye ni taifa, swali hilo likifia darasani.