Flickr Ilipobadilishwa Sura: Malalamiko Yapi Yalikuwa na Hoja?

Tarehe 20 Mei 2013 wanachama wa Flickr, tovuti ya kuwekea na kushirikiana picha, walifungua kurasa zao wakakuta karibu kila kitu kimehamishwa. Nafasi nyeupe iliyokuwa ikiizunguka kila picha ilikuwa imeondoka. Picha zilikuwa zimekuzwa na kubananishwa safu kwa safu, kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine. Kichwa cha picha, ambacho zamani kilisomeka mara moja, sasa kilijificha mpaka mtu apeleke kishale juu yake. Na kadiri mtu alivyoteremka kwenye ukurasa, ndivyo picha nyingine zilivyozidi kumiminika. Muda si muda malalamiko yalihesabika kwa maelfu, na mengi yalitoka kwa watu waliokuwa wakiilipia huduma hiyo kwa miaka.

Kisa hiki kina zaidi ya miaka kumi, na faida yake kwetu iko hapo hapo. Tunajua wanachama walidai nini, kampuni ilikataa nini, na miaka iliyofuata iliamua vipi. Kwa hiyo kinaweza kutusaidia kujibu swali linalomkabili kila mbunifu wa mifumo anapobadilisha kitu kinachotumiwa na watu wengi: wakipiga kelele, je, wanasumbuliwa na ugeni ambao watauzoea, au wamenyang'anywa kitu ambacho mazoea hayawezi kukirudisha?

Mabadiliko yaliyoombwa

Tuanze kwa kuwatendea haki waliobadilisha. Flickr ilizinduliwa Februari 2004 mjini Vancouver, Kanada, na kampuni ndogo ya Ludicorp iliyoanzishwa na Stewart Butterfield na Caterina Fake. Walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta wa kuchezwa mtandaoni. Mchezo haukufika mbali, lakini chombo cha kupeana picha kilichozaliwa kutokana nao kikapendwa. Yahoo ikainunua Machi 2005. Waanzilishi hao wakaondoka mwaka 2008, na tovuti ikabaki palepale wakati dunia ya picha ikikimbia. Simu zikawa ndizo kamera za watu. Instagram ikaanza Oktoba 2010, na Aprili 2012 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 1.

Marissa Mayer alipokabidhiwa uongozi wa Yahoo Julai 2012, wapenzi wa Flickr walimwandikia barua ya wazi mtandaoni wakimsihi aifufue. Walikuwa wamechoka kuangalia picha ndogo katikati ya ukurasa mpana uliotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za miaka iliyopita. Kwa hiyo anayesema kwamba watumiaji wa Flickr walikuwa watu wasiotaka mabadiliko amekosea tangu mwanzo. Waliyataka, na wengine waliyaomba hadharani. Ilibaki kuona ni mabadiliko gani yangeletwa.

Uzito wa mazoea

Sehemu ya hasira ya Mei 2013 ilikuwa ya kawaida kabisa, na sayansi ya tabia za watu inaieleza vizuri. Mtu anayetumia chombo kila siku hakitazami tena. Mkono wake unajua njia. Mfikirie mfanyabiashara anayetuma pesa kwa simu mara nyingi kwa siku. Anabonyeza namba za menyu bila kuzisoma. Mpangilio wa menyu ukibadilishwa usiku, kesho yake mzoefu huyu ndiye atakayekosea, wakati mgeni anayesoma kila mstari atafika salama. Ndivyo ilivyo pia kwenye tovuti. Mabadiliko ya ghafla humuumiza zaidi yule aliyejifunza zaidi, na kwenye Flickr hao walikuwa wapiga picha wenye maelfu ya picha, albamu zilizopangwa kwa miaka na makundi waliyoyasimamia.

Juu ya hilo kuna kanuni ya pili. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha nadharia yao kwamba hasara huuma kuliko faida ya ukubwa uleule inavyofurahisha. Mwaka 1990 Kahneman, pamoja na Jack Knetsch na Richard Thaler, alichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe vya kawaida. Waliopewa walidai bei ya karibu mara mbili au zaidi ya ile ambayo wenzao wasio na kikombe walikuwa tayari kulipa. Kumiliki kitu, hata kwa dakika chache, kulitosha kukipandisha thamani. Sasa mpe mtu ukurasa wake kwa miaka minane, kisha uupange upya bila kumwuliza.

Maumivu ya aina hii ni ya kweli, lakini hupoa. Mkono hujifunza njia mpya. Wabunifu wengi wanalijua hili, na kwa sababu wanalijua, hutulia wakati wa kelele na kungoja zipite. Mara nyingi wanakuwa sahihi. Hatari inaanzia hapo, kwa sababu hasira ya aina ya pili husikika vilevile.

Picha bila maneno

Ili kuona hasira hiyo ya pili ilitoka wapi, tuangalie ukurasa wa zamani ulikuwa na nini. Picha ilikaa peke yake, kichwa chake kikiwa wazi. Chini yake palikuwa na maelezo ya mpigaji, kisha maoni ya wageni. Pembeni paliorodheshwa albamu na makundi ambamo picha hiyo imo, lebo alizozichagua mwenyewe, aina ya kamera na leseni ya matumizi. Mgeni aliweza hata kuchora kisanduku juu ya sehemu fulani ya picha na kuandika neno lake ndani yake. Kila kitu kwenye ukurasa huo kilimwalika mtu kusoma na kujibu.

Mazungumzo hayo yalizaa kazi kubwa. Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka kwenye Flickr zaidi ya picha 3,000 za kihistoria na kuwaomba watu waziongezee maelezo. Nyingi zilikuwa na taarifa chache tu: jina la ukoo lililoandikwa kwa haraka, mji usiojulikana, tarehe ya kubahatisha. Wanachama wakachambua mabango ya madukani, magazeti ya zamani, na sare na sura za watu, wakaandika walichokiona na ushahidi wake. Wataalamu wa maktaba wakayahakiki majibu hayo, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamerekebisha kumbukumbu zaidi ya 500 katika orodha yao rasmi. Kazi hiyo haikufanywa na mashine wala na wafanyakazi wa Yahoo. Ilifanywa na watu waliopewa mahali panapoonekana pa kuandika karibu na picha.

Sura mpya ya 2013 ilitanguliza picha na kuyasukuma maneno nyuma. Kwa mtazamaji wa kupita ilipendeza, na sina shaka kwamba picha nyingi zilionekana vizuri kuliko zamani. Lakini kwa mtu aliyekuja kuzungumza juu ya picha, kichwa na maelezo vilikuwa kazi yake, naye aliona kazi hiyo inafichwa. Vilevile, ukurasa unaopakia picha kubwa bila kikomo ni mzigo kwa kompyuta ya zamani na kwa intaneti ya polepole, na anayelipia data kwa kipimo hugharimia picha ambazo hakuzitaka.

Miaka miwili baadaye jambo hilo lilifika mbali zaidi. Mei 2015 Flickr ilianza kutumia programu ya kutambua picha iliyobandika lebo kwenye picha za watu yenyewe. Programu hiyo ikampa mtu mweusi lebo ya nyani. Picha ya kambi ya mateso ya Dachau ikaipa lebo ya vifaa vya kuchezea watoto. Wapiga picha walikuwa wamezichagua lebo zao kwa uangalifu kwa miaka mingi; kubandikiwa maneno ya mashine kando ya maneno yao wenyewe kulikuwa dharau, na kwa makosa kama hayo kulikuwa tusi.

Mkataba uliobadilishwa

Jambo la tatu lilihusu pesa, nalo ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Kabla ya Mei 2013 mwanachama asiyelipa alionyeshwa picha zake 200 za karibuni tu. Aliyetaka zaidi alilipa dola 24.95 kwa mwaka, akaitwa mwanachama wa Pro, akapata nafasi isiyo na kikomo na kurasa zisizo na matangazo. Mpango mpya ulimpa kila mtu terabaiti 1 bure, nafasi inayotosha takribani picha nusu milioni zenye megabaiti 2 kila moja. Pro haikuuzwa tena kwa wanachama wapya. Aliyetaka kuondolewa matangazo alitakiwa kulipa dola 49.99 kwa mwaka, na aliyetaka terabaiti nyingine alilipa dola 499.99. Wanachama wa Pro waliokuwepo waliruhusiwa kuendelea kwa masharti ya zamani, lakini ujumbe ulieleweka: kampuni sasa ilitaka kuishi kwa matangazo, na mtu wa kuonyeshwa matangazo alikuwa na thamani kuliko mtu wa kulipa ada.

Siku mpango huo ulipotangazwa Mayer, akieleza kwa nini Pro inaondolewa, alisema maneno yaliyosikika kana kwamba wapiga picha wa kulipwa hawapo tena kwa kuwa sasa kila mtu anapiga picha. Aliomba radhi baadaye na kusema alikosea kujieleza. Hata hivyo, watu waliokuwa wakiilisha Flickr kwa ada na kazi zao walikuwa wameshasikia nafasi yao ilivyopangwa upya.

Miaka iliamua nini

Sasa tuangalie kilichobaki na kilichoondolewa. Mpangilio wa picha zilizobananishwa safu kwa safu, uliotukanwa sana wiki ile, upo mpaka leo, na wengi wanauona wa kawaida. Lakini Pro ilirudi mwaka 2015, ikirudishwa na Yahoo yenyewe. Aprili 2018 Flickr ilinunuliwa na SmugMug, kampuni ya familia iliyokuwa ikiishi kwa ada za wapiga picha. Novemba mwaka huo wamiliki wapya wakatangaza kwamba terabaiti ya bure inaondolewa na asiyelipa atakuwa na kikomo cha picha 1,000. Walieleza kwamba nafasi hiyo kubwa ilikuwa imewavuta watu wanaotafuta ghala badala ya watu wanaopenda upigaji picha, na kwamba kutegemea matangazo kuligonganisha maslahi ya kampuni na ya wanachama. Hayo ndiyo waliyoyasema wanachama wa Pro mwaka 2013.

Matokeo hayo yanatenganisha aina mbili za malalamiko vizuri. Waliolalamikia mahali vitu vilipohamishiwa walizoea. Waliolalamikia tovuti kuacha kazi iliyowaleta pale, na kumwacha mwanachama aliyeilipia, walikuwa na hoja tangu siku ya kwanza, na kampuni ililazimika kuwarudia baada ya miaka.

Visa vingine vinathibitisha kwamba ukubwa wa kelele si kipimo. Septemba 2006 Facebook ilipoanzisha ukurasa unaokusanya habari za marafiki, mamia ya maelfu ya wanafunzi walijiunga kuupinga. Kampuni ikaongeza vidhibiti vya faragha ndani ya siku chache, ukurasa ukabaki, na ukawa kiini cha huduma nzima. Agosti 2010 tovuti ya Digg, ambako wasomaji walipigia kura habari za kupanda juu, ilileta toleo jipya lililowaruhusu wachapishaji wakubwa kumimina habari zao moja kwa moja na kuwaondolea wasomaji uwezo wa kuzishusha. Kura ya msomaji ndiyo iliyokuwa Digg yenyewe. Watu wakahamia Reddit, na katikati ya mwaka 2012 jina na tovuti ya Digg viliuzwa kwa bei ndogo kupindukia.

La kufanya

Kwa anayejenga mifumo, ushauri wangu ni kuyasoma malalamiko kwa undani kabla ya kuyahesabu. Anayesema "sikioni kitufe" aonyeshwe kitufe na apewe muda. Mwachie sura ya zamani kwa kipindi kinachotangazwa, ili mkono wake ujifunze bila kupoteza kazi ya siku. Anayesema "siwezi tena kufanya kilichonileta hapa" asiambiwe atazoea. Huyo anaeleza huduma yako ni nini, na mara nyingi anaijua kuliko wewe kwa sababu ameitumia muda mrefu kuliko ulivyoisimamia. Na unapobadilisha bei au masharti, yatangaze peke yake, siku tofauti na sura mpya, ili usije ukachukulia hasira ya mkataba kuwa ni hasira ya rangi.

Kwa mtumiaji, ninashauri malalamiko yaliyo wazi. Taja kazi uliyokuwa ukiifanya, eleza mahali inapokwama sasa, na hifadhi nakala ya picha na maandishi yako nje ya huduma hiyo. Wanachama wa Flickr walioeleza hoja zao namna hiyo hawakushinda mwaka 2013, lakini maelezo yao yalibaki, na wamiliki waliofuata walianzia kwenye hoja hizohizo.