Mikindani, Miritini, Mishomoroni: jicho na herufi za katikati

Ukitoka Mombasa mjini kwa barabara ya Nairobi, ukivuka Makupa na kuipita Changamwe, utakuta mitaa miwili yenye majina yanayokaribia kuwa mapacha: Mikindani na Miritini. Upande wa Kisauni nako kuna Mishomoroni. Yote matatu yanaanza na "mi" na kuishia na "ni". Mgeni anayekitupia jicho kibao cha matatu na kushika mwanzo na mwisho wa neno tu anaweza kushushwa asikokutaka. Heri makanga wana sauti.

Mwaka 2003 ulizagaa ujumbe wa barua pepe uliodai kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wamegundua jambo: herufi za katikati ya neno zaweza kuvurugwa ovyo na msomaji asitatizike, mradi ya kwanza na ya mwisho zibaki mahali pake. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa Kiingereza kilichovurugwa hivyo hivyo, na watu waliusoma bila shida. Utafiti huo haukuwapo. Matt Davis, mtaalamu wa lugha na ubongo aliyefanya kazi huko huko Cambridge, aliuchambua ujumbe huo akaonyesha mahali unapopotosha. Aliyekuwa ameligusa suala hili kweli ni Graham Rawlinson, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Nottingham ya mwaka 1976.

Hata hivyo uvumi huo ulikuwa na punje ya ukweli. Jicho halitelezi juu ya mstari. Huruka na kutua, na kila linapotua hukaa kama robo ya sekunde. Linapotua, herufi iliyobanwa na wenzake kulia na kushoto huonekana kwa tabu kuliko ile ya pembeni yenye nafasi upande mmoja. Ni kama abiria wa feri ya Likoni: aliye ukingoni unamtambua ungali nchi kavu, wa katikati ni vichwa tu. Lakini kuvuruga kuna gharama. Mwaka 2006 Keith Rayner na wenzake walipima kasi ya kusoma Kiingereza. Herufi za ndani zilipobadilishana nafasi, kasi ilishuka kwa asilimia 11. Za mwisho, 26. Za mwanzo, 36.

Sasa lete kanuni hiyo ya herufi ya kwanza na ya mwisho kwenye Kiswahili uone inavyoyumba. Anapika, anapiga, anapita, anapima: mwanzo ni nafsi na wakati, mwisho ni ile "a" ya vitenzi vyetu vingi, na maana yote imening'inia kwenye konsonanti moja ya ndani. Tena silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu, kwa hiyo ukizichanganya konsonanti hupati takataka, unapata neno linalotamkika. "Mindikani" si mtaa wowote ninaoujua, ila ungeandikwa kwenye kibao pengine ungepanda. Mbaya zaidi ni pale unapopata neno halisi. Mama anakata samaki. Mama anataka samaki. Herufi ni zile zile, mwanzo na mwisho ni ule ule, lakini mmoja ana kisu mkononi na mwingine bado hajafika sokoni.

Wasomaji wa Kiebrania wana shida inayofanana na hiyo, kwa kuwa maana ya maneno ya lugha hiyo hushikiliwa na mzizi ambao kwa kawaida ni wa konsonanti tatu. Mwaka 2007 Hadas Velan na Ram Frost waliwapa watu wanaojua Kiebrania na Kiingereza sentensi zilizovurugwa za lugha zote mbili. Watu wale wale walisoma za Kiingereza vizuri, wakakwama kwenye za Kiebrania. Kumbe ubongo hauna njia moja ya kusoma. Hujifunza kuelekeza macho pale lugha inapoficha habari.

Kwa sababu hiyo siwabezi walimu wa darasa la kwanza wanaoshikilia ba, be, bi, bo, bu, ingawa wapo wanaouona utaratibu huo wa kizamani. Mtoto wa Mtongwe anayekokota silabi moja moja huchelewa kufika mwisho wa mstari, lakini anaipitia kila konsonanti ya ndani, na "anapita" haitageuka "anapiga" mdomoni mwake.