Lualaba: Wakati kijana wa Sandoa anasema «ni bongo tu»

Katika wilaya ya Sandoa, sawa na pahali pengi pa jimbo la Lualaba, ahadi ya kiongozi inapata jibu fupi kwa vijana: ni bongo. Barabara itatengenezwa? Bongo. Kazi inakuja? Bongo. Wala hawakasiriki tena, wanacheka tu. Mimi kicheko hicho kinanitia wasiwasi kuliko makelele.

Tuseme kweli: hawakuanza kusema hivyo bure. Jimbo la Lualaba lilizaliwa mwaka 2015, wakati Katanga iligawanywa kuwa majimbo ine, na wakaaji waliambiwa kwamba utawala utakuwa karibu nao. Shaba na kobalti ya hapa vinajulikana dunia nzima. Lakini migodi mikubwa iko upande wa Kolwezi, Mutshatsha na Lubudi. Na sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inagawanya malipo ya madini, ile tunaita redevansi, namna hii: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa muji, komini, sekta ao usultani wenye mugodi, na 10 kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja. Mahali pasipo mugodi unaotoa hapapati kitu kwa ile 15. Sandoa inabaki kungojea 25 ya jimbo. Kungojea huko ndiko kulizaa neno bongo.

Na reli ya kwenda Lobito, ile iliyofanya Joe Biden afike Angola mwezi wa 12 mwaka 2024? Inapita Mutshatsha, Kasaji na Dilolo. Sandoa iko kaskazini yake. Hata uchaguzi wa washauri wa komini wa mwezi wa 12 mwaka 2023 ulifanyika tu katika miji mikubwa ya majimbo: Kolwezi walichagua, Sandoa hapana.

Basi wengine wanaacha masomo, wanafunga muzigo, wanaenda Kolwezi kwa mashimo. Wazee wanaijua njia hiyo, wanaiita artikle 15, kifungu ambacho hakimo katika katiba yetu: kila mutu ajitafutie. Lakini muzee alijitafutia ili mutoto wake asome. Leo mutoto mwenyewe anauliza: nisome juu ya nini, wakati mwenye dipolome amekuwa motari, tena moto si yake?

Sina jibu zuri la swali hilo. Ila shimo nalo si jibu. Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka 2025, daraja lilivunjika kwa mugodi wa Kalando, hapa hapa Lualaba, wachimbaji wakaanguka mumoja juu ya mwingine. Wakubwa wa jimbo walitangaza vifo 32 kwa uchache. Kila mutu alikuwa amejitafutia.

Kuna hasara ingine ambayo haionekani upesi. Ukisema wote ni wezi, mwizi anapumua. Kijana anayeona kura ni bongo anaiuza kwa tisheti na chupa ya pombe, na aliyeinunua hana tena deni kwake: alishalipa. Kutoamini ni haki yake. Lakini mutu asiyeamini kabisa angeomba karatasi, angeuliza, angehesabu. Wetu anacheka na kwenda zake.

Na vya kuhesabu viko. Bunge la jimbo, kule Kolwezi, linapiga kura juu ya bajeti kila mwaka, na Sandoa ina wabunge wake ndani. Wanaporudi likizo, wanaweza kuulizwa: mwaka huu, Sandoa iliandikiwa nini, na nini kilifika? Tena Sandoa ni kati ya wilaya 145 ambazo serikali iliahidi shule, vituo vya afya na majengo ya utawala. Hapo hakuna lazima ya kumuamini mutu. Kijana anachukua baiskeli na daftari, anaenda kijiji kwa kijiji, anaandika: hapa ukuta uko, hapa bati halijafika, hapa ni majani tu.