MELI ILIYOZAMISHWA NA WENYEWE

Meli ya mizigo ikizama wakati wa vita, hasara haimpati mwenye meli peke yake. Chumvi haifiki, nguo hazifiki. Na kupata meli nyingine si kazi ndogo. Tazama yaliyotokea huku kwetu.

Zamani mizigo ya kwenda Ujiji ilipita hapa Tabora vichwani na mabegani mwa wapagazi. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo Wajerumani walileta meli nzima, Graf von Götzen, ikiwa vipande vipande katika makasha 5,000 hivi! Iliundwa kwanza huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikaja kuungwa tena Kigoma. Urefu wake ni kama meta 70. Ilikusudiwa kubeba abiria na mizigo, lakini ilipoingia majini mwaka 1915 vita ilikwisha anza. Ikabeba askari na mizinga.

Wakati huo manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba njia ya bahari. Kilichopotea huku bara hakikuwa na badala. Hata sarafu ziliadimika, ikabidi zipigwe hapa hapa Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli. Ziwani, Waingereza waliiteka meli ndogo ya Kingani Desemba 1915, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Nyingine zingetoka wapi?

Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yalikaribia Kigoma. Wajerumani wakaizamisha Götzen wenyewe, ili adui asiipate. Lakini mafundi walitumia akili: kwanza waliipaka mitambo yake grisi nene, kutu isiile. Septemba, Tabora nayo ikatekwa.

Baada ya vita Wabelgiji waliiibua meli hiyo, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza nao wakaiibua. Kumbe mitambo ilikuwa bado inafaa! Kwa maoni yangu, grisi ile ilifanya kazi kuliko mizinga yote. Hata hivyo matengenezo yalichukua miaka mitatu. Mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe. Ikapeleka abiria, dagaa na mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, hadi karne hii.