Je, Wajua? Diski Zaweza Kushindwa na Dramu

Je, wajua kwamba gari la zamani likitolewa breki za dramu na kufungwa za diski, laweza kusimama kwa shida kuliko awali? Chukua Ford Mustang ya 1965. Ndani ya dramu, kiatu cha breki kikigusa ukuta unaozunguka huvutwa na mzunguko wenyewe kikabana zaidi, hivyo mguu husaidiwa. Diski haina msaada huo. Pedi hubana kwa kadiri ya shinikizo la mafuta tu. Kwa hiyo pedali ikiwa ngumu na gari halisimami, masta silinda, inayosukuma mafuta ya breki, ikaguliwe kabla ya kulaumu pedi. Pistoni ya inchi 1 ikipisha ya inchi 7/8, nguvu ileile ya mguu huzaa shinikizo lililozidi kwa takriban asilimia 30, ingawa pedali itashuka zaidi.

Wapo watakaosema dawa ni kufunga busta, kisaidizi cha mguu kinachotumia ombwe. Sawa, mradi injini iivutie ombwe la kutosha, kama inchi 18 za zebaki. Yenye kamshafti ya mashindano mara nyingi haifiki hapo ikinguruma taratibu. Wengine hudai ni upepo tu ulioingia kwenye mafuta ya breki. Lakini upepo hulainisha pedali, hauifanyi ngumu. Pedali ikizama kama sponji, hapo ndipo utazame nipeli ya kutolea upepo: ikielekea chini, kalipa (kishikio cha pedi) ya kushoto imefungwa kulia, na upepo utabaki juu hata ukikanyaga kutwa nzima.