Povu la sabuni kabla ya kibiriti

Gesi huisha wakati mbaya. Mchuzi wa samaki umeanza kutokota, muhogo bado mgumu, adhana ya Magharibi inakaribia, na moto wa jiko unanywea hadi unazimika. Mtoto mkubwa hutumwa dukani, na baada ya muda mtungi mpya hushushwa mlangoni kutoka kwenye bodaboda. Kila mtu ana njaa. Mtungi hufungwa haraka haraka, kibiriti kikawashwa, na hakuna aliyekagua kitu.

Dakika hizo tano, tangu mtungi mpya uingie jikoni mpaka moto wa kwanza uwake, ndizo ambazo mzazi hapaswi kuziharakisha.

Kengeja, katika Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba, ni kijiji kinachojulikana kwa mchezo wa ng'ombe na kwa skuli yake ya ufundi. Huko, kama kwingi Pemba, kuni, makumbi na makaa vimelea vizazi. Sasa gesi nayo inaingia majumbani. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Faida yake mama wa nyumbani anaijua bila kuambiwa: macho hayawashi kwa moshi, na chai ya asubuhi huiva kabla watoto hawajamaliza kuvaa sare za skuli.

Lakini gesi ina tabia zake, na aliyezoea mafiga hazijui mpaka afundishwe. Kuni hujionyesha. Moshi wake huonekana na moto wake hukua polepole. Gesi iliyovuja haionekani.

Inakaa chini, alipolala mtoto

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, uliogandamizwa hadi ukawa kimiminika. Lita moja ya kimiminika hicho ikitoka nje hugeuka kuwa takriban lita 250 za gesi. Haihitaji kujaza chumba kizima ili iwe hatari. Ikifika kiasi cha asilimia 2 tu ya hewa, cheche moja inaweza kuiwasha.

Tena ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi. Hushuka, ikatambaa sakafuni, ikaingia chini ya kitanda au ikapita chini ya mlango hadi chumba cha pili. Ndiyo maana mtoto aliyelala mkekani anaweza kuwa karibu zaidi na gesi kuliko mama aliyesimama jikoni.

Kwa asili gesi hii haina harufu ya kutegemewa. Harufu kali inayonukia kama kabichi iliyooza hutiwa makusudi kiwandani, iwe kengele. Hata hivyo pua hudanganya. Mwenye mafua huenda asinuse, mzee huenda asinuse, na aliyekaa muda mrefu ndani ya harufu huizoea. Pua ni mlinzi wa pili. Wa kwanza ni ukaguzi.

Nani mkaguzi wa nyumba?

Jamaa waliohamia Uingereza huishi katika nyumba zenye boila la gesi, linalopasha maji na kuleta joto ndani wakati wa baridi. Huko sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha ahakikishe vifaa vyake vya gesi vinakaguliwa kila baada ya miezi 12, na kazi hiyo hufanywa na fundi aliyesajiliwa tu. Boila halikabidhiwi kwa kubahatisha: viungo hupimwa uvujaji, njia ya hewa huangaliwa, na rangi ya moto huchunguzwa.

Jikoni Kengeja hakuna fundi anayebisha hodi kila mwaka. Mtungi hubadilishwa na baba, mama, au kijana aliyekuwapo. Basi huyo ndiye mkaguzi, na mambo anayopaswa kuyatazama ni yaleyale: viungo, hewa na moto.

Kabla mtungi haujafungwa

Ukaguzi huanzia dukani. Mtungi wenye kutu nyingi, uliobonyea, au ambao lakiri ya mdomo wake imekatika, hurudishwa palepale. Mwilini mwake huandikwa uzito wa mtungi mtupu. Ukiandikwa kilo 7 na gesi yake ni kilo 6, mizani isome 13.

Mitungi hufika kisiwani kwa bahari, kisha ikamaliza safari kwa gari au bodaboda, mara nyingine imelazwa. Mtungi uliolazwa husimamishwa kwanza na kuachwa utulie kabla ya kufungwa, kwa sababu ukiwa umelala, kimiminika kinaweza kutoka mdomoni badala ya gesi. Na siku zote mtungi husimama wima, kwenye sakafu iliyo sawa, karibu na dirisha au mlango, mbali na mafiga.

Linalosahauliwa mara nyingi ni moto mwingine uliomo nyumbani. Nyumba nyingi zenye gesi bado zina seredani pembeni. Kuna chetezo cha udi sebuleni, dawa ya mbu inayofuka chumbani, mshumaa siku umeme ukikatika, na sigara ya mgeni barazani. Vyote huzimwa kwanza. Mtungi haubadilishwi penye moto wowote, hata ukiwa chumba cha pili.

Kisha vinatazamwa vitu vitatu. Cha kwanza ni kile kimpira cha duara kinachoziba baina ya mtungi na kichwa chake: kisiwe kimepasuka wala kutoka mahali pake. Cha pili ni mpira wa gesi. Hukunjwa kidogo kwa vidole ili nyufa zionekane, na huangaliwa kama haujaguguna panya au kuungua upande wa jiko. Mpira wa maji ya bustani haufai kabisa, na mpira uliopasuka haufungwi plasta, hununuliwa mwingine. Cha tatu ni vibano vya chuma kwenye ncha zote mbili. Kamba na waya si badala yake.

Sabuni ndiyo kipimo

Swichi zote za jiko zikiwa zimefungwa, koki ya mtungi hufunguliwa polepole. Kibiriti bado kiko mbali. Katika kikombe hukorogwa sabuni na maji kidogo hadi povu litoke, na povu hilo hupakwa kwa kitambaa au sifongo mahali patatu: mtungi unapokutana na kichwa chake, kichwa kinapokutana na mpira, na mpira unapoingia kwenye jiko.

Povu likitulia, viungo vimeziba. Vipovu vikianza kuzaliwa na kukua, gesi inatoka. Koki hufungwa, kiungo hukazwa au kile kimpira hubadilishwa, kisha kipimo hurudiwa. Kikiendelea kuvuja, mtungi hutolewa nje penye hewa na kurudishwa kwa muuzaji. Kwa jiko la mtungi mdogo, lile la kichomeo cha juu, povu hupakwa shingoni, pale jiko linapokazwa kwenye mtungi.

Wapo wanaopitisha njiti ya kibiriti kwenye viungo ili waone kama gesi inatoka. Huko ni kuitafuta hatari kwa kuiwasha.

Moto wa kwanza

Hapa mazoea ya kuni humponza mtu. Kwenye mafiga, kuni hupangwa kwanza, kibiriti kikafuata. Kwenye gesi isiyo na kiwashio chake, njiti huwashwa kwanza, ikasogezwa kwenye kichomeo, ndipo swichi ifunguliwe. Anayefungua gesi halafu akaanza kutafuta kibiriti, anaijaza gesi hewani kabla ya moto.

Njiti ikizimika, swichi hufungwa, madirisha yakaachwa wazi, na mpishi akasubiri dakika kadhaa kabla ya kujaribu tena. Chakula kitachelewa kidogo, lakini watakaokila watakuwepo.

Moto mzuri ni wa buluu na umetulia. Ukiwa wa manjano na unaacha masizi chini ya sufuria, gesi haiungui sawasawa. Aghalabu matundu ya kichomeo yameziba kwa wali uliofurika au mafuta, na husafishwa jiko likiwa limepoa. Moto wa namna hiyo ndani ya jiko lililofungwa unaweza kutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Dirisha la jikoni halifungwi wakati wa kupika, hata mvua ikinyesha.

Usiku, mwenye jiko la mpira hufunga koki ya mtungi kwanza, moto ukafa wenyewe, kisha swichi ya jiko. Hivyo hakuna gesi inayobaki ndani ya mpira hadi asubuhi.

Harufu ikisikika

Hili watoto wafundishwe kama wanavyofundishwa kuvuka barabara, hasa yule binti au kijana anayeachiwa wadogo zake siku za msimu wa karafuu, wazee wakiwa shambani.

Taa haiwashwi, wala haizimwi ikiwa tayari inawaka, kwa sababu swichi ya ukutani hutoa cheche. Simu haipigwi ndani. Koki ya mtungi hufungwa ikiwa inafikika, milango na madirisha yakafunguliwa, na watu wote wakatoka, kuanzia waliolala chini. Simu hupigwa wakiwa nje na mbali. Namba ya Kikosi cha Zimamoto na Uokozi na ya jirani mmoja mwenye kujua kazi hiyo huhifadhiwa kwenye simu zote za nyumbani kabla ya siku ya kuhitajika.

Mtoto mdogo ana somo fupi zaidi. Akinusa, asiguse kitu. Atoke, akaite mtu mzima.

Mtungi ujao utaisha tena magharibi, watu wana njaa. Kikombe cha povu kikikaa rafuni karibu na kibiriti, mkono wa mpishi utakikuta kwanza.