Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki tarehe 28 Mei 2025 huko Georgia, Marekani, kundi letu la wasapu la Wakenya wa huku lilifurika rambirambi. Katikati ya picha za mishumaa, kijana mmoja aliyezaliwa ughaibuni akatuma kipande cha video cha Ngaahika Ndeenda, ule mchezo ulioonyeshwa tena Nairobi mwaka 2022, akauliza umetungwa na nani. Watu kama kumi wakamjibu kwa neno moja: Ngũgĩ. Kisha mzee mmoja, ambaye kwa kawaida haandiki chochote kundini isipokuwa salamu za Jumapili, akauliza: Ngũgĩ yupi?

Hakuna aliyemjibu, rambirambi zikaendelea kumiminika. Mimi nikaenda kwenye rafu nikatoa Nitaolewa Nikipenda, tafsiri ya Kiswahili ya mchezo huo, nikatazama jalada. Majina ni mawili: Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Hawakuwa ndugu. Ni somo tu, kama akina Juma wawili wa mtaa mmoja. Na hata hao wawili, ukiuliza vizuri, utaambiwa kwamba kazi haikuwa yao peke yao.

Twende Limuru kwanza, mchezo ulikoanzia. Kamĩrĩĩthũ ni kijiji cha huko kilichotokana na Hali ya Hatari ya miaka ya hamsini, wakati serikali ya kikoloni ilipowaondoa watu kwenye mashamba yao na kuwarundika pamoja ili iwe rahisi kuwachunga wasipeleke chakula kwa wapiganaji wa Mau Mau. Uhuru ukaja, kijiji kikabaki palepale. Kufikia miaka ya sabini kilikuwa na watu kama 10,000: wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, vibarua wa mashamba ya chai, vijana wasio na kazi, na akina mama waliolima mashamba ya wengine ili watoto wao wale. Palikuwa pia na uwanja wa ekari nne uliotengwa kwa ajili ya vijana. Juu yake kulikuwa na banda la udongo la vyumba vinne, linaanguka taratibu, ambamo watu wazima walifundishwa kusoma. Basi.

Mwaka 1976, asubuhi moja, mama mmoja wa kijijini alifika nyumbani kwa Wa Thiong'o, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa idara ya fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi na aliishi karibu na hapo. Hakuja kuomba fedha. Alitaka kujua kwa nini mtu aliyesoma hivyo na kuandika vitabu hawezi kukigawia kijiji chembe ya elimu hiyo na saa zake chache. Akaondoka. Akarudi. Akaendelea kurudi mpaka profesa akakubali. Mwenyewe ameisimulia habari hii mara kadhaa, na kila nikiisoma namwona yule mama amesimama mlangoni, leso kiunoni, hana haraka. Leso nimemvisha mimi. Ukinilazimisha kutaja mtayarishaji wa mchezo huu, nitamtaja yeye.

Sasa yule Ngũgĩ mwingine. Wa Mĩriĩ alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya chuo kikuu hichohicho, na ndiye aliyeratibu kisomo cha watu wazima pale uwanjani, palipokuwa kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji. Alifuata njia ya Paulo Freire, mwalimu Mbrazili, kwamba mtu mzima hafundishwi herufi kavu kama mtoto wa chekechea. Anaanza na maneno ya maisha yake: ardhi, mshahara, deni, karo. Wanafunzi wakishajua kusoma wanataka kitu cha kusoma na cha kufanya. Hapo ndipo mchezo ulipozaliwa. Wa Thiong'o aliongoza kamati ya utamaduni, Wa Mĩriĩ ya elimu, nao wakapewa kazi ya kuandika rasimu. Wengi hudhani mwandishi maarufu aliona maono akawashushia wanakijiji, kumbe kilianza kisomo.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Kĩgũũnda, kibarua, ana ekari moja na nusu na hatimiliki yake ameitundika ukutani kama picha ya babu. Tajiri Ahab Kĩoi na wenzake wanaitaka ardhi ile kwa kiwanda cha dawa ya wadudu watakachojenga na wageni. Bintiye Kĩgũũnda, Gathoni, anachumbiana na mtoto wa Kĩoi. Wazazi wake wanashawishiwa wafunge ndoa ya kanisani, wanakopa benki ili waifanikishe, na rehani ni ile karatasi iliyo ukutani. Unaweza kumalizia mwenyewe.

Nami nakiri: kwenye karatasi kuna mahali mchezo unachosha. Gĩcaamba, mfanyakazi wa kiwandani, akishika hotuba haachi. Nilipousoma mara ya kwanza niliruka kurasa. Lakini huu ni mchezo wa nyimbo na ngoma, na nyimbo zikiwekwa kitabuni hupoa kama ugali wa jana.

Rasimu ilipofika kijijini mwaka 1977, ilisomwa hadharani, uwanjani, na kila mtu alikuwa na la kusema. Wazee walisikia mhusika mzee akiongea kama kijana, wakakataa: mzee haongei hivyo, methali ile haitumiki pale. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa na hesabu zao: siku moja tunatengeneza mali kiasi gani, na mwisho wa mwezi tunalipwa kiasi gani. Zile hotuba za Gĩcaamba nilizoziruka, nyingi zilitoka kwenye vichwa vya watu waliotoka zamu jana yake. Nilipolijua hilo nilirudi nikazisoma zote, nikiwa na haya kidogo.

Halafu kuna Gĩtiiro. Hii ni ngoma ya arusi ya Wagĩkũyũ ambapo pande mbili za ndoa hujibizana kwa nyimbo, zinatupiana mafumbo, zinadaiana, zinapatana. Waandishi walitaka sehemu ya arusi ya mchezo ijengwe juu yake, lakini wao wasomi hawakuijua vya kutosha. Aliyeijua ni bibi mmoja wa kijijini asiyejua kusoma wala kuandika. Yeye ndiye aliyewapanga, nani aingie wapi, jibu lipi linafuata lipi. Fikiria mazoezi ya Jumamosi alasiri: wahadhiri wamekaa kwenye benchi, bibi amesimama.

Wanawake ndio waliokuwa wengi, na mazoezi yakafanywa mwisho wa wiki kwa sababu siku nyingine watu walikuwa kazini. Hayakufanywa kwa siri. Ukipita na mzigo wako wa kuni unasimama, unatazama, unasema yule anacheza vibaya, na usipoangalia unajikuta umepewa nafasi. Mkurugenzi wa jukwaa, Kĩmani Gecaũ, naye mhadhiri wa fasihi, ilibidi ajifunze kuongoza umati wenye maoni.

Ukumbi wenyewe ulichorwa na vijana waliotoka shuleni si zamani, hawana kazi. Kabla ya kuchimba shimo lolote walitengeneza mfano wake kwa njiti za kiberiti, wakauweka mbele ya watu waukague. Kisha kijiji kizima kikachanga nguvu. Jukwaa lilikuwa nusu duara, limeinuliwa, na nyuma yake ukuta wa mianzi uliopinda vilevile. Nyuma ya ukuta, kijumba cha vyumba vitatu cha kuhifadhi vifaa na kubadilishia nguo. Viti vilikuwa mbao ndefu zilizopangwa kama ngazi, watu 2,000 wanakaa. Paa hakuna. Nyuma ya watazamaji kulikuwa na mikaratusi mirefu, na siku moja katikati ya onyesho baadhi ya waigizaji, bila kuambiwa na mtu, waliikwea wakaimba kutoka huko juu, ili hata walio majumbani kwao wasikie.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977, katika mwezi ambao vita vya Mau Mau vilikuwa vikitimiza miaka 25 tangu vianze. Watu walikodi mabasi na matatu kutoka mbali. Mvua ikinyesha watu wanajibanza, ikikatika wanarudi kwenye mbao zilizolowa. Watoto wakaanza kuimba nyimbo za mchezo njiani, na watu wazima wakaanza kuitana kwa majina ya wahusika. Ukiwa bahili, wewe ni Kĩoi.

Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa na ofisi ya mkuu wa wilaya ya Kiambu. Wiki sita na ushee, basi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba Wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamĩtĩ bila kushtakiwa. Amri ilitoka kwa waziri wa mambo ya ndani, ambaye pia alikuwa makamu wa rais, Daniel arap Moi. Huko gerezani ndiko alikoandika riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni. Habari hiyo inajulikana, sina haja ya kuirefusha. Aliachiliwa tarehe 12 Desemba 1978, na kazi yake chuo kikuu hakurudishiwa.

Mwaka 1980 Ngaahika Ndeenda ikachapishwa kitabu, kwa Kigĩkũyũ, Nairobi, ikauzwa madukani waziwazi. Maneno yaleyale, hotuba zilezile za Gĩcaamba. Kitabu hakikupigwa marufuku. Ukitaka kujua serikali iliogopa nini, pima tofauti kati ya mtu mmoja anayesoma kitandani kwake na watu 2,000 walioketi kwenye mbao walizozipigilia wenyewe, wakimsikiliza jirani yao. Sisi tunaosema Ngũgĩ ndiye aliyeutunga mchezo, hadithi imeisha, tunapitwa na mkuu wa wilaya. Yeye alijua vizuri mchezo ni wa nani.

Novemba 1981 kundi likakusanyika tena na mchezo mpya, Maitũ Njugĩra, yaani Mama Niimbie. Gecaũ aliongoza pamoja na Waigwa Wachiira. Kilichosimuliwa ni ukoloni wa miaka ya ishirini na thelathini, wakati Mwafrika alipolazimika kutembea na kipande kwenye kikebe cha chuma shingoni. (Mkenya hadi leo kitambulisho chake hukiita kipande, lugha haisahau.) Safari hii nyimbo zilikuwa zaidi ya 80, za lugha mbalimbali za Kenya. Nadhani hilo lilikuwa jibu kwa waliosema Kamĩrĩĩthũ ni mambo ya Wagĩkũyũ peke yao, na lilikuwa jibu zuri kuliko insha yoyote.

Ulipangiwa kufunguliwa Ukumbi wa Taifa, Nairobi, tarehe 19 Februari 1982. Ukumbi huo una historia yake. Mwaka 1976, mchezo The Trial of Dedan Kimathi wa Wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, pamoja na mchezo wa Francis Imbuga, ilipewa siku chache tu, ikibanwa katikati ya baleti ya Kifaransa na mchezo wa nyimbo kutoka Broadway. Nyumba ya taifa, wageni ndio wenye vitanda. Safari hii wanakijiji walipofika na mavazi yao walikuta milango imefungwa na polisi wapo. Leseni haikutolewa, na wala haikukataliwa kwa barua.

Mwezi huohuo mazoezi yalikuwa yakifanyika kwenye ukumbi wa chuo kikuu, hatua chache tu kutoka hapo. Mazoezi hayahitaji leseni, basi watu wakaja kutazama mazoezi. Walijaa viti, wakajaa vijia vya kati, wakajaa ngazi, wakasimama nje madirishani. Katika siku kama kumi, zaidi ya watu 10,000 waliona mchezo ambao rasmi haukuwahi kuonyeshwa. Kisha chuo nacho kikaufunga mlango.

Tarehe 11 Machi kituo kikafutiwa usajili. Kesho yake polisi wakaja Kamĩrĩĩthũ na malori, wakaubomoa ukumbi ukabaki uwanja mtupu: mbao, jukwaa, ule ukuta wa mianzi. Baadaye pakajengwa chuo cha ufundi. Miezi michache baada ya ubomoaji huo Wa Thiong'o alikuwa London kuzindua kitabu akaonywa asirudi. Akakaa nje miaka 22.

Mwaka 2022, mchezo uliporudi, ulionyeshwa palepale Ukumbi wa Taifa, kwa Kiingereza na kwa Kigĩkũyũ, chini ya mkurugenzi Mwingereza, Stuart Nash, na waigizaji wa kulipwa kama Nice Githinji na Bilal Wanjau. Watu walinunua tiketi, taa zilikuwa nzuri. Mimi niliona vipande tu vya video, na sauti ya Githinji ilinisimamisha nywele.

Gecaũ na Wa Mĩriĩ, baada ya ukumbi kubomolewa, waliishia Zimbabwe, nchi iliyokuwa wakati huo na uhuru wa miaka miwili tu. Gecaũ akafundisha chuo kikuu Harare. Wa Mĩriĩ akaanza upya kazi ileile: vikundi vya maigizo vijijini na shuleni, watu wakitunga mambo yao kwa lugha zao, na chama cha kuviunganisha vikundi hivyo nchi nzima. Hakutajwatajwa kwa Nobeli kila Oktoba kama somo wake, hakuandikwa na magazeti ya London. Alikufa kwa ajali ya gari huko Harare, Mei 2008.

Nilimwandikia mzee wetu haya yote kwa kifupi, nikamuuliza kama ndiye huyo aliyekuwa akimuulizia. Akajibu: Ndiye. Kisha Jumapili ikafika, akaleta salamu zake kama kawaida.